Nyumba Juu ya Mawe Manne

Sagiyo aliinywa chai kabla hajakaribishwa, na habari hiyo ilifika jikoni kabla hajaiweka bilauri chini.

"Kainywa!" jirani yetu Satiyem alinong'ona, jicho lake kalibana kwenye tundu la ukuta wa mianzi. "Yote! Sasa anajifuta mdomo kwa mkono."

"Toka hapo, usimcheke mgeni," alisema Lasinah, aliyekuwa kainamia mbuzi akikuna nazi. Lakini naye alijiziba mdomo kwa ncha ya nguo yake.

"Simcheki, namhurumia. Labda huko Sumatra usipowahi, jirani anakunywa yeye."

Kwetu Kedungsari chai ya mgeni huwekwa ikatazamwa. Mwenyeji akisema karibu, mgeni husema ah, usijisumbue. Mwenyeji akikaribisha tena, mgeni huigusa bilauri kwa kidole, kama anayehakikisha kwamba ipo. Akikaribishwa mara ya tatu ndipo anywe, na hata hapo hubakiza kidogo. Anayekunywa mara ya kwanza ni mtoto au mgonjwa. Wala si chai peke yake. Ndivyo tunavyooza mabinti, ndivyo tunavyoazimana jembe, ndivyo tunavyogawana mavuno. Anayekubali upesi tunamwona mroho, na anayetoa kwa kuuliza mara moja tu tunajua kwamba hakukusudia kutoa. Tumelelewa hivyo na tunajivunia. Mimi siku hizi sijivunii sana.

Sagiyo hakuwa na kosa. Wazazi wake walimbeba angali mdogo, miaka ile serikali ilipokuwa ikiwapakia melini watu wasio na ardhi ya kutosha na kuwapeleka Sumatra kufyeka pori. Huko alikulia katikati ya watu wa kila kabila, ambako ukisema sitaki, sahani inapita kwa mwenzako. Sasa alikuwa mtu mzima, mwenye shamba la mpira, mwenye sauti kubwa na moyo usio na kona. Alikuwa amerudi kwa hitima ya siku mia ya baba yake mdogo, mzee tuliyemwita Mbah Reso. Na alikuwa amerudi pia kwa sababu nyumba aliyokaa ndani yake, akinywa chai kwa haraka vile, ilikuwa imeshakuwa yake.

Hapo ndipo penye kidonda, kwa hiyo niseme waziwazi.

Mbah Reso na mkewe hawakujaliwa mtoto. Walipochoka kungoja walifanya kama wafanyavyo wengi kwetu: walimchukua mtoto wa watu maskini wakamweka nyumbani awe chambo, ili tumbo la mama likiona mtoto wa mwenzake lipate wivu, lishike mimba. Chambo huyo alikuwa Lasinah. Aliletwa akiwa bado anang'oka meno ya utoto, na kuku mmoja kwapani, zawadi ya mama yake mzazi ambaye hakuwa na kingine cha kutoa. Tumbo halikuona wivu. Kuku akazaa vifaranga, mama hakuzaa. Wapo watu ambao chambo kikishindwa hukirudisha kilikotoka, na ndugu walimuuliza Mbah Reso atamrudisha lini yule mtoto. Mzee, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, aliwajibu, "Nimeshavua. Samaki wangu ndiye huyu."

Basi Lasinah akakulia mle. Aliolewa akitokea mle, na mume alipokwenda kuoa kwingine, alirudi mle mle, na mama alimpokea kwa kumwambia tu kwamba wali upo chunguni. Alimuuguza mama mpaka akamwosha. Akaja kumuuguza baba, ambaye mwishoni hakuitambua sauti ya mtu yeyote ila yake. Mchana mzee alikuwa akilala ameegemea nguzo ya upande wa mashariki, na Lasinah akimlisha uji wa mchele kijiko kwa kijiko, huku akimsimulia nani kavuna na nani kagombana na nani.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mtiki, nyeusi kwa moshi wa miaka mingi. Katikati yake zilisimama nguzo nne nene, kila moja juu ya jiwe lililochongwa. Nyuma kulikuwa na kijichumba ambacho hakuna aliyelala humo, kwa kuwa ni cha Dewi Sri, bibi wa mpunga. Kila mavuno mganda wa kwanza ulipelekwa huko. Mama alipoishiwa nguvu, kazi hiyo ilimwangukia Lasinah. Aliukata mganda kwa kile kisu kidogo kinachofichwa kiganjani ili mpunga usishtuke, akaubeba mgongoni kwa nguo kama mtoto, akaulaza kijichumbani na kuufungia mlango. Hakuna kazi nyingine duniani aliyoipenda hivyo. Akiwa na mganda ule mgongoni hakuwa chambo cha mtu, alikuwa binti wa nyumba.

Sasa, sheria yetu ya mirathi haina maneno mengi. Mtu akifa bila kuacha damu yake, mali inaulizwa ilikotoka. Walichokichuma pamoja mume na mke ni cha mtoto waliyemlea. Kilichotoka kwa wazazi wa marehemu hurudi kwenye ukoo wake. Kiwanja kile na minazi yake, na jiko la mianzi la nyuma, na kipande cha jaruba kando ya mfereji, Mbah Reso na mkewe walivipata kwa jasho lao wawili. Hivyo ni vya Lasinah. Lakini nyumba aliijenga babu yake Mbah Reso. Ilisimama kwanza ng'ambo ya mto, ikaja kubebwa mabegani mwa watu mpaka hapa. Hiyo ilikuwa ya ukoo, na mwana wa kaka mkubwa alikuwa Sagiyo. Ardhi ya mmoja, nyumba ya mwingine, na moja imesimama juu ya nyingine. Hakuna aliyebisha, hata Lasinah mwenyewe hakubisha.

Asubuhi ile baada ya hitima walikaa mkekani kuyamaliza. Alikuwepo Mwenyekiti wa kitongoji, Wasimin, mtu anayependa utani na kuogopa ugomvi. Walikuwepo majirani watatu wanne. Lasinah aliitwa kutoka jikoni, akaja akitembea kwa magoti kama inavyotakiwa mbele ya wakubwa, akakaa karibu na nguzo ya baba.

"Dada Lasinah," alianza Sagiyo. Alimwita dada kwa kuwa Lasinah alimzidi umri. Lasinah alimwita kaka kwa kuwa baba yake Sagiyo ndiye aliyekuwa mkubwa. Hivyo kila mmoja alikuwa akimpandisha mwenzake. "Baba yangu kabla hajafa aliniusia. Aliniambia, usije ukafika kule ukaamua peke yako, muulize yule aliyemtunza mdogo wangu. Sasa nakuuliza mbele ya Mwenyekiti. Nyumba hii unaitaka? Kama unaitaka sema tu, mimi naiacha. Sidai kitu."

Roho ya Lasinah iliruka mpaka akadhani watu wameisikia. Aliitaka. Aliitaka kuliko alivyowahi kumtaka mumewe. Kwa muda ule mfupi alijiona akizeeka mle ndani, akifagia chini ya nguzo zile zile, akipeleka mganda kijichumbani mavuno baada ya mavuno mpaka siku yeye mwenyewe atakapotolewa mlango wa mbele na watu wakimsomea. Na mdomo wake, ambao ulilelewa vizuri, ukafanya ulichofundishwa.

"Ah, kaka," alisema huku macho yake yakiwa chini. "Mimi ni nani? Hii ni mali ya wazee wenu. Msijisumbue kwa ajili yangu. Mimi popote nitalala."

Lilikuwa jibu zuri. Majirani walitikisa vichwa kwa kuridhika. Huko jikoni Satiyem alishusha pumzi. Lasinah aliendelea kuinamia mkeka akisubiri kuulizwa tena. Jibu la pili alikuwa nalo tayari, laini zaidi kuliko la kwanza. La tatu halikuhitaji maneno, angeushika tu mkono wa Sagiyo na kuuweka kwenye paji la uso wake yeye, kwa shukrani.

"Basi," alisema Sagiyo. "Ahsante sana, dada. Nilidhani litakuwa gumu hili."

Wasimin akakohoa. Jirani mmoja akaanza kukuna goti ambalo halikuwa likiwasha.

"Bwana Sagiyo," alisema Wasimin akitabasamu kwa shida, "labda tunywe chai kwanza, tulitafakari hili jambo taratibu..."

"Nimeshakunywa, Mwenyekiti," alisema Sagiyo.

Na ndivyo lilivyokwisha. Lasinah alirudi jikoni kwa magoti mpaka mlangoni, akasimama, akachukua nazi aliyokuwa kaiacha nusu, akaendelea kuikuna mpaka akajikuna kidole.

"Nenda kamwambie," alisema Satiyem akimfunga kidole kwa kitambaa. "Sasa hivi. Neno moja tu: naitaka."

"Nitamwangaliaje usoni? Nimeshakataa mbele za watu."

"Umekataa kwa adabu! Kila mtu anajua!"

"Yeye hajui."

"Basi mwambie ajue, jamani!"

"Satiyem," alisema Lasinah, "wewe ungeweza?"

Satiyem alikaza fundo la kitambaa. Mwanamke yule ana ulimi wa kumvua mtu nguo sokoni, lakini hilo hata yeye asingeliweza. Na kwa Lasinah lilikuwa zito mara mbili. Mtoto wa kuzaliwa akiomba cha baba yake, watu husema kaomba. Wa kulelewa akiomba, husema kumbe. Kumbe ndicho alichokuwa akikingoja miaka yote akilisha uji. Tangu utotoni Lasinah alikuwa akila kidogo kuliko njaa yake ili asije akasikia neno hilo.

Alasiri alikwenda kwa Wasimin. Walikaa barazani wakitazama bata.

"Naona mvua za mwaka huu zitawahi, Mwenyekiti."

"Zitawahi, naona."

"Jiko langu la mianzi linavuja upande mmoja. Mtu akilala mle, mvua ikija..."

"Atalowa, dada Lasinah. Atalowa kweli."

"Na nyumba kubwa haivuji."

"Ile? Ile haijawahi kuvuja."

Wasimin alielewa kila kitu, si mjinga. Jioni alimtafuta Sagiyo, akamkuta akipimapima boriti, kwa kuwa alikuwa ameamua kuiuza nyumba. Akamwambia kwamba nyumba kongwe kama hizi mara nyingine huzoea mahali. Sagiyo aligonga nguzo kwa kiganja, akasema aondoe wasiwasi, mbao zote ni nzima, zitasimama popote zitakapopelekwa. Wasimin akasema kwamba marehemu aliipenda sana. Sagiyo akasema ndiyo, ndiyo maana hatamuuzia mtu atakayeipasua kuni. Wasimin akasema jua limezama vizuri leo, akaaga.

"Nimemwambia," alimwarifu Lasinah alipopita njiani.

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia vizuri."

Lasinah alijua vizuri hiyo ni ipi. Alimshukuru, akaingia ndani, akakaa chini ya nguzo ya baba akalia bila sauti. Nakiri kwamba kila nikifika hapa hasira hunipanda. Kijiji kizima kilijua alichokitaka mwanamke mmoja, na kijiji kizima kikazungukazunguka kama kuku asiyeona pa kutagia.

Kesho yake alikuja mnunuzi, bwana mmoja wa mjini anayesimamisha nyumba za zamani kwenye mikahawa ili watu wale wakiwa wamekaa chini ya boriti za babu za wenzao. Alizunguka, akagonga, akanusa mbao, akatoa arubuni. Sagiyo akaipokea, wakapeana mikono. Baada ya hapo neno halirudi.

Siku ya kuivunja ilichaguliwa kwa kalenda kama ilivyo desturi, siku isiyo na uzito kwa nyumba wala kwa mwenye nyumba. Wanaume wote wa kitongoji walikuja. Kwetu nyumba ikisimamishwa, ikihamishwa au ikivunjwa, watu huja bila kuitwa na hawalipwi chochote, wanalishwa tu. Na anayelisha ni mwenye kiwanja.

Kwa hiyo Lasinah aliwapikia watu waliokuja kuivunja nyumba yake. Aliamka mapema akawasha mafiga. Alipika fenesi changa kwa nazi, akakaanga tempe, ile soya iliyochachushwa, kwa pilipili, akapika wali wa kushibisha watu wenye kazi ya mabega. Satiyem alikuja kumsaidia. Huko nje fundi seremala alichoma ubani, akaiomba nyumba radhi, kisha wakapanda juu. Vigae vikaanza kushuka mkono kwa mkono. Siku nyingine wanaume wale wangekuwa wanataniana na kuimba. Leo ulisikika mlio wa vigae tu, na sauti ya Sagiyo akiwahimiza na kuwashukuru, peke yake mwenye furaha kwenye kiwanja kile, maskini.

Kila ubao uliposhuka fundi aliuandika alama kwa mkaa, usije ukapotezana na mwenzake huko mjini. Paa lilipoondoka jua likaingia mahali ambapo halijawahi kuingia. Likaangaza sakafu ya udongo pale mzee alipokuwa akilala. Likaangaza mpaka kijichumba cha nyuma, ambacho mlango wake ulikuwa umeshang'olewa, na watu wote wakaona kwamba ndani hakuna kitu ila mganda wa mpunga wa mavuno yaliyopita, umelala juu ya jamvi.

Hakuna aliyetaka kuugusa. Sagiyo akaingia, akaubeba kwa mikono miwili kwa heshima kabisa, akauleta mpaka mlango wa jiko.

"Dada, huu niuweke wapi?"

Lasinah aliutazama. Alitazama jiko lake, mafiga, vyungu, tundu la Satiyem ukutani. Hapakuwa na mahali. Maisha yake yote alikuwa anajua mganda unawekwa wapi, na sasa aliulizwa mbele ya watu, asijue.

"Weka tu hapo," alisema akionyesha kichanja cha kuni. Kisha akageuka haraka kuchochea moto ambao ulikuwa ukiwaka vizuri.

Mchana waliketi kula juu ya majani ya migomba. Sagiyo alikuwa wa kwanza kutia mkono.

"Bwana Sagiyo," alisema Satiyem, aliyekuwa akigawa mchuzi. "Hivi huko kwenu mtu akiwekewa chakula hukirukia hivyo?"

"Sasa nisile, na kimewekwa nile?"

Watu walicheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Hapa kwetu unakataa kwanza," alisema Satiyem. "Ukikaribishwa unasema usijisumbue. Ukikaribishwa tena, unagusa kwa kidole. Mara ya tatu ndipo unakula."

"Kha! Na mwenye njaa kweli afanyeje?"

"Mwenye njaa kweli," alisema Satiyem, na kicheko kilikuwa kimeshamtoka usoni, "ndiye anayekataa zaidi."

Watu wakaacha kutafuna. Sagiyo alicheka peke yake. Kisha akaendelea kula polepole, akiwatazama mmoja mmoja bila kujua anatafuta nini.

Alasiri nguzo zilikwenda chini, ya mashariki ikiwa ya mwisho. Mnunuzi alikuwa amekuja na lori, akasimamia upakiaji, kisha akaonyesha yale mawe manne yaliyobaki na kusema nayo yang'olewe. Hapo Wasimin, ambaye kutwa nzima alikuwa akijificha nyuma ya kazi, alisimama katikati ya kiwanja. Uso wake ulikuwa mwekundu.

"Hapana," alisema. "Kilicho juu ya jiwe ni cha nyumba. Jiwe limelala ardhini, ni la ardhi. Hayo ni ya dada Lasinah."

Yamkini ndiyo hapana pekee aliyowahi kuitamka tangu awe mwenyekiti, na aliitumia kwa mawe. Mnunuzi akainua mabega, akasema atamwaga zege, akapanda lori. Lori likaondoka kwa shida, likilalia upande, na wanaume wakakusanya kamba zao wakaaga mmoja mmoja kwa sauti ya chini, kama wanaotoka msibani.

Sagiyo alibaki. Basi la kumpeleka bandarini lilikuwa la jioni, na asingeondoka bila kumuaga dada yake. Kiwanja kilikuwa kimekuwa kikubwa ghafla. Lasinah alitandika mkeka pale katikati ya mawe, kwa kuwa hapo ndipo wageni walipozoea kukaa, akaleta chai ya moto yenye sukari nyingi. Sagiyo alikaa kwenye jiwe moja. Lasinah alikaa mkekani, mgongo wake karibu na jiwe la mashariki, akajikuta anataka kuegemea na nyuma yake hakuna kitu.

"Karibu chai, kaka."

"Ah, usijisumbue, dada."

Lasinah aliinua macho. Sagiyo alikuwa na tabasamu la mwanafunzi anayetaka kusifiwa. Alikuwa ameyashika mafundisho ya Satiyem.

"Karibu, kaka. Itapoa."

Sagiyo alinyoosha mkono, akaigusa bilauri kwa kidole, na kidole kikaganda pale pale. Tabasamu likaanza kumtoka. Alitazama chai, akamtazama Lasinah, akatazama yale mawe, na ilionekana wazi kwamba anairudia moyoni asubuhi ile, neno kwa neno.

"Dada," alisema. "Siku ile nilipokuuliza habari ya nyumba. Ulikuwa unasubiri nikuulize tena?"

"Hapana, kaka. Yameshapita hayo. Kunywa chai."

"Baba alitaka ubaki nayo. Nilikuja nikitaka useme ndiyo. Uliposema vile nilidhani umeichoka, uzee wake, na wagonjwa uliowauguza mle. Nikasema basi, nikuondolee mzigo." Sauti yake kubwa ilikuwa imekwenda wapi sijui. "Nakuuliza tena, dada. Uliitaka?"

"Ilikuwa ya wazee wenu, kaka. Mimi ni nani?"

Sagiyo alisimama akatazama barabarani. Lori lilikuwa limeshavuka daraja, halisikiki tena. Malipo yalikuwa mfukoni mwake, mikono ilikuwa imeshashikana, na mkaa wa fundi ulikuwa umeshaandikwa kwenye kila ubao. Akarudi, safari hii hakukaa juu ya jiwe, alikaa chini kabisa, kwenye vumbi, akashuka kuliko Lasinah.

"Nakuuliza mara ya tatu, dada Lasinah. Nyumba uliitaka?"

Lasinah alitazama jiwe la mashariki. Juu yake palikuwa na duara safi, mahali ambapo nguzo ilikaa miaka yote na moshi haukufika. Aliweka kiganja chake pale. Alijaribu kukumbuka kama kuna siku aliwahi kulitumia neno lile kwa ajili yake mwenyewe, hakuikumbuka.

"Niliitaka," alisema. Kisha, kwa kuwa ameshalisema na halikumuua, akalisema tena huku machozi yakimporomoka bila kuyafuta. "Niliitaka sana, kaka. Niliitaka mno."

Sagiyo alifunika uso wake kwa mikono yote miwili. Chai ikapoa katikati yao, na hakuna aliyemkaribisha mwenzake tena.